Uko Mzima?



Uko mzima?

Najua jibu lako. Umekwisha kujibu moyoni: "Ndiyo, niko mzima." Hivi ndivyo tunavyojibu sisi wote, huku Yahuma na kule Kisangani, sokoni, njiani, penye kivuko cha mto, hata mlangoni pa hospitali. Kila asubuhi hapa barazani kwetu, wagonjwa wanapongoja, tunasikia maneno ya namna hii:

– Jambo, mama.

– Jambo, munganga.

– Uko mzima?

– Ndiyo, niko mzima.

– Habari ya nyumba?

– Habari mzuri.

– Basi mama, umekuja kwa nini?

– Aa, munganga, niko na homa, leo siku ya nne. Na huyu mtoto anaharisha tangu juzi.

Hapo tunacheka kidogo, yeye pamoja nasi. Lakini mama huyu hakusema uongo. Alijibu salamu kwa adabu, kama wazazi walivyomfundisha. Mtu hamwagi taabu zake zote mbele ya mwenzake kabla ya kumaliza salamu. Kwanza anasema "niko mzima", halafu anaeleza habari yenyewe.

Salamu ni nzuri, nasi hatutaki kuiondoa. Hatari inakuja pale mtu anapojiuliza mwenyewe habari ya mwili wake, naye akajijibu kwa salamu tu. Anasema "niko mzima" kwa sababu leo anatembea, anakula, na hakuna kinachomwuma. Kisha anakaa nyumbani, na ugonjwa unaendelea na kazi yake kimya.

Kwa hiyo leo tuliangalie neno hili moja, mzima. Tuone maana yake, tuone linavyotumika, halafu tujiulize tena kama kweli tuko wazima.

NENO MOJA, KAZI NNE

Kazi ya kwanza: neno hili linaonyesha kitu ambacho hakikupungua. Ukinunua samaki mzima, umempata na kichwa na mkia. Ukisema "nilifanya kazi siku nzima", maana yake tangu asubuhi mpaka jioni. Tunasema kijiji kizima, mwezi mzima, yai zima lisilopasuka, chungu kizima kisicho na ufa. Kwa Kilingala tungesema mobimba.

Kazi ya pili: linaonyesha aliye hai. Unakutana na rafiki wa zamani mjini Kisangani, unamwuliza, "Baba yako bado mzima?" Huulizi habari ya homa. Unauliza kama baba yuko duniani. Tena mtumbwi ukipinduka mtoni, watu wa pwani wanauliza, "Wote wazima?" Kutoka hapo tunapata neno uzima. Kilingala kinasema bomoi.

Kazi ya tatu: linaonyesha mwenye afya, yaani mtu ambaye mwili wake unafanya kazi vizuri. "Mtoto alikuwa mgonjwa, sasa ni mzima." Kwa Kilingala, nzoto kolongono.

Kazi ya nne: linaonyesha mtu aliyekwisha kukua. Mtu mzima si mtoto tena. Kwa Kilingala, mokolo.

Unaona, ndugu, Kilingala kinatumia maneno manne pale ambapo Kiswahili kinatumia neno moja. Kwa nini? Kwa sababu chini ya kazi hizi zote nne kuna wazo moja tu: kutopungua. Chungu kizima hakikupungua kipande. Aliye hai hakuondolewa pumzi. Mwenye afya hakupungua nguvu. Mtu mzima amefikia kimo chake chote.

Kiswahili kina maneno mengine ya jirani. Neno afya lilitoka katika Kiarabu, nalo ni jina, si sifa: tunasema "nina afya" au "afya yangu ni nzuri", hatusemi "mimi ni afya". Watu wa pwani ya mashariki, wakiandika barua, hupenda kusema wako buheri wa afya, yaani katika heri na afya. Nao wakisalimiana huulizana "Hujambo?", maana yake huna jambo, huna neno baya lililokupata? Angalieni tofauti. "Sijambo" inasema tu kwamba hakuna neno baya. "Mzima" inasema zaidi: mwili haukupungukiwa na kitu. Ni neno kubwa, na sisi tunalitoa upesi upesi kila asubuhi.

NAMNA YA KULITUMIA

Neno hili hubadilika mwanzo wake kufuata kile kinachosemwa. Mtu mzima, watu wazima. Mguu mzima, miguu mizima. Jicho zima, macho mazima. Kidonge kizima, vidonge vizima. Ngozi nzima, nyumba nzima. Katika maneno yetu ya kila siku wengi tunasema muzima, na wengine bazima. Haina shida, tunasikilizana. Lakini katika kuandika ni vizuri kufuata njia ya kitabu, ili msomaji wa mbali naye aelewe.

Msichanganye neno hili na kuzima. Kuzima moto ni kuuua. Taa ikizimika, nyumba inakuwa giza. Na mtu akizimia, amepoteza fahamu: huyo aletwe hospitalini mara moja. Maneno haya yanafanana kwa sauti, lakini mtu aliyezimia si mtu mzima hata kidogo!

NENO HILI JUU YA KARATASI YA DAWA

Hapa naomba usome polepole, maana kosa dogo katika neno hili linaweza kuleta msiba.

Karatasi ya dawa ikisema "mtu mzima", inasema habari ya kazi ile ya nne, yaani mtu aliyekua. Haisemi mtu asiye mgonjwa. Mwingine anaweza kusoma "dawa hii ni kwa watu wazima" akajiambia, "Mimi ni mgonjwa, si mzima, basi dawa hii si yangu." Hapana. Na mama asichukue kipimo cha mtu mzima akampa mtoto, kwa sababu amemwona mtoto ni mnene na ana nguvu. Mtoto mwenye nguvu bado ni mtoto. Kipimo cha dawa yake kinafuata uzito wake na miaka yake, na munganga ndiye anayekipanga.

Karatasi ikisema "meza kidonge kizima", maana yake usikikate, usikitafune, usikisage. Dawa nyingine zimetengenezwa ziyeyuke polepole tumboni. Ukizivunja, zinatoka zote mara moja. Kama huwezi kumeza kidonge kizima, uliza kwanza.

Karatasi ikisema "siku tatu nzima", siku hizo zisipungue. Dawa ya malaria tunayotumia sasa, ile ya ACT, huliwa siku tatu. Lakini siku ya pili homa inashuka, mtu anakaa chini ya mti, anasema "niko mzima", naye anaweka vidonge vilivyobaki katika kitambaa kwa ajili ya safari nyingine au kwa ajili ya shemeji. Tazama jinsi neno moja linavyogombana na lenyewe: karatasi inasema siku nzima, mgonjwa anasema mimi mzima. Ufuate karatasi. Homa imekwenda, lakini wadudu wa malaria bado wamo katika damu, na kwa dawa iliyokatwa katikati wanainuka tena. Ni vivyo hivyo kwa kifua kikuu, ambacho dawa yake ya kawaida ni miezi sita, na kwa ukoma, ambao dawa yake ni miezi sita au miezi kumi na miwili. Miezi hiyo iwe mizima.

MTUMBWI UNAOELEA

Sasa tuje kwenye shina la maneno yetu.

Ninyi watu wa mto mnajua mitumbwi kuliko mimi. Mvuvi mwenye akili, akitaka kuvuka mto mkubwa na mzigo, haridhiki kwa kuwa mtumbwi unaelea pale ukingoni. Kila mtumbwi unaelea ukiwa mtupu. Yeye anauvuta nchi kavu, anaugeuza, anapapasa chini kwa mkono, anatafuta ufa na mahali palipooza. Akimaliza kuangalia ndipo anasema, "Mtumbwi huu mzima."

Mwili nao ni hivyo. Kutosikia maumivu ni kuelea ukingoni. Si kipimo. Nitakupa mifano minne.

Mfano wa kwanza ni ugonjwa wa malale, ule ambao kwa Kilingala unaitwa maladi ya mpongi. Unaletwa na nzi anayeitwa mbung'o, au tsetse, anayekaa kivulini karibu na maji, pale tunapochota, tunapooga, tunapoloweka mihogo na tunapofunga mitumbwi. Mdudu wa malale wa upande wetu wa Afrika haendi haraka. Anaweza kukaa katika damu miezi mingi, hata miaka, na mtu bado anakwenda shambani. Anapata homa kidogo, inakwenda, inarudi. Kichwa kinauma, mwili unawasha, tezi za nyuma ya shingo zinavimba. Anasema ni uchovu tu. Halafu mdudu anaingia katika ubongo. Hapo mtu anasinzia mchana na kukesha usiku, maneno yake yanachanganyika, tabia yake inageuka, na jamaa wanaanza kusema amerogwa. Asipopata dawa, karibu kila mara mwisho ni kifo.

Mkoa wetu unaujua ugonjwa huu tangu zamani. Huko Yakusu, chini kidogo ya Kisangani kwa kufuata mto, daktari wa misioni ya Wabaptisti, Clement Chesterman, alifika mwaka 1920, naye akapigana na malale katika vijiji vya mto kwa dawa mpya ya siku zile, tryparsamide. Iliponya wengi, lakini iliweza kuharibu macho. Baadaye ilikuja dawa nyingine, melarsoprol, yenye sumu ya aseniki. Katika wagonjwa mia moja waliochomwa sindano hiyo, karibu watano waliuawa na dawa yenyewe. Wazee wetu waliona mambo hayo, na ndiyo sababu wengine mpaka leo wanaogopa wakisikia habari ya kupimwa malale.

Lakini sasa mambo yamegeuka. Mwaka 1998 nchi yetu ya Kongo ilihesabu wagonjwa wapya zaidi ya 26,000. Mwaka 2018 dunia nzima ilihesabu chini ya 1,000. Mwishoni mwa mwaka huo wa 2018 nchi yetu iliruhusu vidonge vya fexinidazole, vinavyoliwa siku kumi, mara moja kwa siku baada ya chakula. Kwa wagonjwa wengi hakuna tena lazima ya sindano za mshipa, wala ya kutolewa maji ya mgongo. Waliozidiwa sana, na watoto wadogo, bado wanahitaji matibabu mengine, na munganga atapima.

Ushindi huo ulipatikana namna gani? Kwa sababu watu walikubali kupimwa siku wanayojisikia wazima. Vikundi vya wauguzi vilipita kijiji kwa kijiji, vikichukua tone la damu kidoleni na kupapasa shingo. Hapa ndipo neno letu linapoweza kuua. Tuseme kikundi kimefika kijijini. Baba mmoja anasikia, anachukua panga lake na kwenda msituni, anasema, "Mimi mzima, wapime wagonjwa." Kumbe yeye ndiye mwenye mdudu katika damu. Mbung'o anamwuma yeye, halafu anamwuma mtoto wake anayeoga penye kijito. Baba amejidhuru mwenyewe, tena ameudhuru mji mzima. Wagonjwa sasa wamekuwa wachache, na kwa hiyo kila mmoja anayejificha ni hatari zaidi, maana kwake ugonjwa unaweza kuanza upya.

Mfano wa pili ni ukoma. Daktari Stanley Browne alifanya kazi Yakusu tangu mwaka 1936 mpaka mwaka 1959, akajulikana katika nchi nyingi kwa kazi yake juu ya ukoma. Ugonjwa huu unakuja kwa namna ya ajabu: mwanzo wake hauumi. Unaona baka juu ya ngozi, limepauka au ni jekundu kidogo, halikuwashi wala halikuchomi. Ukiligusa kwa unyoya wa kuku, husikii. Mtu anasema, "Haliniumi, basi niko mzima." Hapana, ndugu! Kutosikia ndiyo ishara yenyewe. Ngozi nzima inasikia unyoya. Njoo mapema, dawa ni ya bure, na ukianza kuimeza, baada ya muda mfupi huwezi tena kumwambukiza mtu. Ukikawia, mishipa ya fahamu inaharibika, nayo haitarudi kama kwanza.

Mfano wa tatu ni shinikizo la damu, ambalo wengi tunaliita tansio. Mtu anaweza kuwa nalo miaka mingi bila kusikia kitu. Halafu siku moja mdomo unapinda, mkono na mguu wa upande mmoja vinakufa. Jamaa wanasema, "Lakini jana alikuwa mzima!" Jana hakuwa mzima. Jana hakupimwa. Kupima ni dakika chache na hakuumi. Ikipimwa mara kadhaa na kuonekana 140 juu ya 90 au zaidi, ambayo wengine wanaisema 14 juu ya 9, lazima kufuatwa na munganga. Na mama mwenye mimba asingojee. Akivimba uso na mikono, akiumwa kichwa sana, akiona ukungu machoni, aje siku ile ile, maana yeye na mtoto wako katika hatari. Hata bila ishara hizo aje kliniki ya mimba tangu miezi ya kwanza, na kila mara apimwe tansio.

Mfano wa nne ni mtoto mnene. Sisi tunapenda kuona mashavu yaliyojaa. Tunasema, "Tazama mtoto huyu, mzima kabisa!" Lakini kuna unene wa chakula na kuna uvimbe wa njaa. Mtoto aliyeachishwa ziwa, anayekula muhogo peke yake asubuhi na jioni, anashiba tumbo lakini hapati vya kujenga mwili. Miguu yake inavimba, nywele zinageuka rangi na kunyofoka, hataki kucheza, ananung'unika tu. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yake yote miwili, hesabu polepole mpaka tatu, halafu ondoa. Kama shimo linabaki, mtoto huyu ni mgonjwa sana, hata kama mashavu yamejaa. Mlete leo, usingoje kesho. Wajumbe wa afya wa kijiji wana kanda ya rangi tatu ya kupima mkono wa mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano. Chini ya milimita 125 ni rangi ya njano, mtoto aangaliwe. Chini ya 115 ni nyekundu, aletwe. Na wewe, mama, juu ya muhogo ongeza maharagwe, karanga, samaki, mayai, viwavi wa msimu wake, na sombe lenye mawese.

MTU MZIMA HAOMBI SINDANO

Wengine wanakosa kwa upande mwingine. Hawana ugonjwa, lakini wanakuja kusema, "Munganga, nipige sindano moja ya nguvu, nibaki mzima." Munganga akikataa wananung'unika, wanakwenda kwa mtu mwenye sanduku la dawa sokoni, ambaye hatakataa.

Sikilizeni habari ya Yambuku, upande wa kaskazini wa mto, nyuma ya Bumba. Mwaka 1976, wakati nchi yetu iliitwa Zaire, ugonjwa wa Ebola ulitokea huko. Watu 318 waliugua na 280 walikufa. Wachunguzi walipotafuta njia ya ugonjwa waligundua kwamba katika hospitali ya misioni, kila asubuhi zilitolewa sindano tano tu kwa kazi ya kutwa, zikasuuzwa kwa maji kati ya mgonjwa na mgonjwa. Wengi walioambukizwa walikuwa wanawake waliofika kwa ajili ya kliniki ya mimba. Walikwenda wazima, wakarudi na kifo. Katika wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa.

Sisi wa hospitali za misioni hatuwezi kusahau jambo hilo, wala hatupaswi kulificha. Leo sindano ni ya mtu mmoja, mara moja, halafu inatupwa. Hakikisha unaona ikifunguliwa kutoka katika karatasi yake. Na usiombe sindano usiyoihitaji. Nguvu za mtu mzima zinatoka katika chakula, usingizi, maji safi na neti ya mbu. Chanjo ni jambo jingine, hizo ni za lazima kwa watoto wetu, nazo hutolewa wakati wake.

NANI TUSIMNYIME NENO HILI

Kama tunalitoa neno hili upesi kwa wasiostahili, vilevile tunawanyima wanaostahili.

Mtu aliyemaliza dawa ya ukoma, hata kama vidole vyake vilikatika zamani, amepona. Vidole havitaota tena, lakini ugonjwa umekwisha. Ale pamoja na wengine, auze mihogo yake sokoni. Aliyepona Ebola au malale ni mzima, asifukuzwe nyumbani. Aliyezaliwa na mguu mmoja mfupi, au asiyeona, si mgonjwa. Mwili wake una upungufu, lakini anaweza kuwa na afya kuliko wewe. Na mwenye virusi vya UKIMWI anayemeza dawa zake kila siku, mpaka virusi visionekane tena katika vipimo vya damu, anafanya kazi, anaishi miaka mingi, wala hamwambukizi mwenzake wa ndoa. Akikusalimu asubuhi na kusema "niko mzima", usimcheke. Yeye amepimwa. Je, wewe?

Shirika la Afya la Dunia lilianzishwa mwaka 1948, nayo katiba yake inasema kwamba afya si kukosa ugonjwa tu, bali ni hali njema ya mwili, ya akili, na ya kuishi pamoja na watu. Wazee wetu walikuwa na wazo kama hilo ndani ya neno lao. Ndiyo sababu baada ya "Uko mzima?" wanauliza mara, "Na wa nyumbani? Na watoto? Na jirani?" Walijua kwamba mtu hawi mzima peke yake katika nyumba inayougua.

MASWALI YA KUJIULIZA

Basi, kabla ya kusema tena "niko mzima", jiulize haya nyumbani, pole pole:

1. Je, nina homa inayokwenda na kurudi, au tezi shingoni?

2. Je, usingizi wangu umegeuka, nasinzia mchana na kukesha usiku?

3. Je, kuna baka katika ngozi yangu lisilosikia? Mwombe mke au mume aangalie mgongoni, maana wewe huoni.

4. Je, nakohoa zaidi ya majuma mawili?

5. Je, mwaka huu nimepimwa tansio hata mara moja?

6. Je, nimebonyeza miguu ya watoto wangu, na mikono yao imepimwa kwa kanda?

7. Je, kuna dawa niliyoikatiza katikati, iliyobaki katika kitambaa?

8. Je, kikundi cha kupima kilipopita, nilikuwepo, au nilikwenda msituni?

Kama jibu la swali moja linakusumbua, njoo kituo cha afya kilicho karibu. Usingoje mpaka ubebwe. Najua njia ni mbaya, mvua ni nyingi, na kutoka Yahuma mpaka hospitali kubwa za Kisangani ni safari ndefu, kwa pikipiki, kwa mtumbwi, na kwa miguu. Ndiyo sababu nasema njoo mapema, wakati bado unaweza kutembea mwenyewe. Aliye mgonjwa sana ndiye anayeshindwa na njia ile.

Na ukifika mlangoni petu, tutakusalimu kama kawaida: "Jambo baba, jambo mama, uko mzima?" Ujibu kwa adabu kama ulivyofundishwa. Halafu uketi, utuambie habari yenyewe, nasi tutapima pamoja nawe.